Fundo la Boke

Picha ya mwisho ya kila filamu, ile ya thelathini na sita, Selestina Awino aliiweka kwa kitu kilichofungwa. Alikwisha kumpiga picha mbuzi aliyetiwa kamba shingoni nyuma ya machinjio, kuku wawili waliofungwa miguu na kulazwa juu ya gunia la udaga wa mihogo, punda aliyesimama mbele ya duka huku mzigo wa mawe ukimbana mbavu, baiskeli iliyofungiwa godoro lililoipita kwa ukubwa, na mlango wa mtu aliyehama, uliokazwa kwa waya. Hakuna aliyemwagiza picha hizo. Filamu ilikuwa lazima iishe ndipo apeleke Tarime kusafishwa, na ilipobaki picha moja alitoka nje ya studio, akatazama huku na huku, na jicho lake likatua kwenye kamba.

Mtu alipomuuliza alijibu kwamba kilichofungwa hakisogei wakati wa kupigwa. Wateja walicheka, wakaridhika. Lakini hiyo ilikuwa nusu tu ya jibu. Nyangoto ya miaka ile, kabla mgodi mkubwa haujazungushiwa uzio, ilikuwa mahali pa kupita. Vijana walikuja kutoka Shinyanga, Singida, Kigoma, kila mmoja na jembe lake na ndoto yake. Walisimama mbele ya pazia lililochorwa ndege na maua, saa ya kuazima mkononi, wakasema watarudi Jumamosi kuchukua picha. Jumamosi ilifika bila wao. Wengine walikuwa wamesikia dhahabu imeonekana kwingine. Wengine walikuwa chini ya duara, kama walivyoyaita mashimo yao, na duara lilikuwa limewafunika. Chini ya meza ya Selestina palikuwa na katoni ya sabuni iliyojaa nyuso za watu wasiorudi. Mumewe Obura naye alikwenda Kahama kwa wiki mbili, na wiki hizo sasa zilikuwa zinaingia mwaka wa tano. Mbuzi aliyefungwa, ukienda kutafuta betri na kurudi, utamkuta.

Alikuwa amechoka. Uchovu wenyewe haukuwa wa siku moja wala wa kazi moja. Ulikuwa umemwingia taratibu, kama lile vumbi la mashine za kusaga mawe lililoingia hata kwenye chumvi iliyofunikwa.

Boke alimkuta siku moja asubuhi akifagia vumbi hilohilo mlangoni. Boke alikuwa mwanamke wa Kikurya aliyekaribia miaka sitini, mjane, mwenye shamba la mihogo upande wa mtoni. Walijuana kwa kuonana sokoni tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mama Oduol," Boke alimwita kwa jina la mwanawe. Hakuingia. Aliegemea nguzo ya mlango, mkono mmoja ameukandamiza tumboni. "Nataka unipigie mwanangu picha. Lakini siwezi kumleta hapa. Uje wewe."

Selestina alijua mwana yupi. Kijiji kizima kilijua. Miaka mitatu nyuma, duara moja liliporomoka likiwa na watu saba ndani. Wangwe, mtoto pekee wa Boke, alitolewa siku ya pili akiwa hai. Wale sita walitolewa baadaye. Tangu hapo Wangwe hakuwa tena na habari na watu wa juu. Kila alipopata nafasi alirudi machimboni, akalala kifudifudi kwenye mdomo wa shimo lolote, akawaita wenzake kwa majina, mmoja mmoja. Mara mbili walimdaka akiwa ameshaning'iniza miguu. Mama yake akaanza kumfunga.

"Hospitali ya Musoma wamenipa tarehe," Boke aliendelea. "Nina uvimbe, wanataka kuutoa. Nitakaa huko mwezi, labda zaidi. Wangwe ana baba mdogo kule Itiryo, Stanslaus, mdogo wake marehemu mume wangu. Nilimtumia ujumbe amchukue. Akakataa. Amesikia kwamba mwanangu ni mnyama, anauma watu. Kwa hiyo nataka aone picha. Wangwe amevaa shati, ameketi kama watu. Bila kamba."

"Na akishafika kule, mama? Si ataona?"

"Akishafika kule atakuwa ameshafika," alisema Boke.

Selestina alitaka kukataa. Hakuwa na sababu ya kumwambia mtu, isipokuwa kwamba kila jambo siku hizo lilimwia kama kupanda mlima. Akachukua kamera.

Ua wa Boke ulikuwa umefagiwa vizuri. Wangwe alikuwa ameketi kivulini kwenye nguzo ya ghala la nafaka, kijana wa miaka ishirini na saba, mrefu, mabega ya mchimbaji bado yakiwa mahali pake. Alikuwa anapukuchua mahindi ndani ya ungo, polepole, punje kwa punje. Kamba ilianzia kwenye nguzo, ikapita mchangani, ikaishia kwenye mguu wake wa kulia.

"Mura," mama yake alimwita, yaani kijana kwa Kikurya, "kuna mgeni."

Wangwe aliinua macho. Yalikuwa macho mapole, ya mtu anayesikiliza redio iliyo nyumba ya pili. Kisha akayarudisha kwenye mahindi.

Boke alipiga goti, akafungua fundo kwa mkono mmoja, haraka, kama mtu anavyofungua kifungo cha nguo yake mwenyewe. Akamvalisha Wangwe shati jeupe la marehemu baba yake, akamketisha kwenye kiti cha kuegemea, akamchana nywele. Yeye akasimama nyuma ya Selestina, miguu imetanuka kidogo, tayari kukimbia.

Hapakuwa na haja. Wangwe alikaa kimya, mikono magotini, akatazama mahali alipoelekezwa. Selestina alipiga mara nne. Katika kioo kidogo cha kamera alimwona kijana mtanashati ambaye ungemkabidhi ufunguo wa duka. Mara moja tu, mashine ya kusaga mawe ilipoanza kunguruma upande wa machimboni, Wangwe aligeuza shingo, midomo ikaanza kucheza. Boke alikuwa ameshafika, kamshika bega. "Bado kidogo, mwanangu. Bado kidogo."

Ilipokwisha, Boke alimrudisha kwenye nguzo na kumfunga, kisha akaingia ndani kukunja shati. Selestina akatazama kamera. Ilikuwa imebaki picha moja.

Hakufikiri. Alichuchumaa karibu kama alivyozoea kuwachuchumalia mbuzi na mizigo ya kuni, akashusha kamera hadi karibu na mchanga, kamba ikawa mbele na uso wa kijana juu yake. Wangwe akamtazama. Kamera ikalia.

Barabarani ndipo jambo hilo lilipomrudia. Miaka yote alikuwa hajamweka mtu kwenye orodha ile. Aliona aibu, akaibeba hadi nyumbani pamoja na kamera.

Picha zilirudi kutoka Tarime baada ya siku nane. Boke alizitandaza zile nne mezani, akachagua moja, akaiangalia kwa muda mrefu. Hali yake ilikuwa imezorota. Hata kutoka kwake hadi studio alikuwa amepumzika mara tatu njiani.

"Sitaiweza barabara ya Itiryo," alisema. "Nipelekee."

"Mama, mimi hata simjui huyo mzee."

"Ndiyo sababu atakusikiliza. Mimi nikienda ataniona tumbo, ataona naomba. Wewe utakuwa mpiga picha tu, umetumwa." Akamkazia macho. "Tarehe yangu ni Jumatatu ijayo. Sina mtu mwingine, mama Oduol."

Kwa hiyo Selestina alifunga studio na kupanda pikapu iliyobeba mikungu ya ndizi, akateremka njia panda, akamaliza safari kwa miguu. Mvua zilikuwa kubwa mwaka ule. Vilima vya Itiryo vilikuwa kijani hadi mpakani, na njia ilikuwa tope linalovua watu viatu. Ndani ya mkoba wake alikuwa na bahasha yenye picha aliyochagua Boke. Ile ya kamba ilikuwa katika bahasha hiyohiyo, nyuma ya ile ya kwanza. Hakuwa ameitoa. Kama ungemuuliza kwa nini, angekwambia alisahau, na angekuwa anadanganya.

Mzee Stanslaus alikuwa anakarabati boma la ng'ombe. Alikuwa mtu mkavu, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Mkewe, Mokami, alimletea mgeni uji wa ulezi, akaketi karibu, macho yakiwa kwenye mkoba. Selestina aliwasalimu, akajieleza, akatoa picha.

Stanslaus aliipeleka kwenye mwanga, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Huyu ni Wangwe?"

"Ndiye, mzee."

"Amefanana na kaka yangu hadi masikio. Hilo shati nalijua." Akampa mkewe. Mokami akatikisa kichwa kwa mshangao. "Sasa niambie wewe uliyempiga. Kijana huyu ni mzima. Ameketi vizuri, amechana nywele. Kwa nini mama yake asimwache nyumbani achunge mihogo? Kwa nini anataka kumleta kwangu kama mtoto wa kunyonya?"

Selestina alinywa uji ili asijibu. Ulikuwa wa moto, ukamuunguza ulimi.

"Watu waliniambia amefungwa mnyororo," mzee aliendelea. "Waliniambia anauma. Picha inasema hana hata baka. Kuna mtu ananidanganya, mwanangu. Ama ni wale watu, ama ni hii picha. Mtu akianza kwa kunidanganya, mimi mlango wangu naufunga."

Akamrudishia picha. Akainuka, akachukua panga lake kurudi kwenye boma. Mokami alimtazama Selestina kama anayesema, ndivyo alivyo, usione vibaya.

Selestina alifikiria njia ya kurudi, tope na ile pikapu. Alimfikiria Boke akiwa ameegemea mlango. Uchovu ukamjaa, na ndani ya uchovu huo akagundua kwamba hana tena nguvu za kushikilia uongo wa mtu, hata wa mtu anayemhurumia.

"Mzee," alisema, "hakuna mnyororo. Ila kuna kamba."

Akatoa picha ya pili.

Stanslaus hakuichukua mara moja. Alipoichukua alisimama nayo, panga kwapani, hata Mokami akainuka kuchungulia. Selestina alisubiri tusi. Alikuwa amezoea kuitazama picha ile kama alivyozitazama nyingine zote: kamba, nguzo, kitu kisichoondoka. Sasa aliitazama ikiwa mikononi mwa mtu mwingine, kichwa chini miguu juu, na kwa mara ya kwanza aliona jambo ambalo jicho lake lilikuwa limelipita siku ile uani.

"Hiki ni nini hapa?" Stanslaus aliweka ukucha juu ya picha.

"Kitenge," alisema Mokami. "Ameizungushia kamba kitenge. Isimchubue."

"Mara ngapi?"

Mokami alihesabu kwa midomo. "Ni tabaka nyingi. Na zimeshonwa. Ona uzi."

"Na fundo hili." Sauti ya mzee ilikuwa imeshuka. "Hili ni fundo la ndama. Baba yetu ndiye aliyetufundisha. Ng'ombe mkubwa humfungi hivi, atalifungua. Ni la ndama mchanga, ambaye hutaki kamba imkaze hata akivuta. Kaka yangu alikuwa anafunga hivi. Mimi mikono yangu haikuliweza kamwe, nilikuwa nachapwa kwa ajili ya hilo." Akaisogeza picha karibu. "Amemfunga kila siku namna hii?"

"Miaka mitatu, mzee."

"Peke yake."

"Peke yake."

Stanslaus alitia panga kwenye ala. Aliirudisha ile picha ya shati jeupe, lakini hii nyingine aliishika. "Mwambie shemeji nitakuja Alhamisi," alisema. "Na hii naomba nibaki nayo."

Boke aliposikia alichokifanya Selestina, hakupiga kelele. Alikaa kitako, mikono juu ya tumbo, na uso wake ukajifunga kama mlango.

"Nilikutuma na picha moja."

"Ndiyo, mama."

"Ulimpiga mwanangu akiwa na kamba, nikiwa ndani nakunja shati. Kama mbuzi wako wa machinjioni. Unadhani sijui unavyopiga? Kijiji kizima kinajua." Alivuta pumzi kwa shida. "Nilitaka mahali pamoja tu duniani awepo bila ile kamba. Pamoja tu. Hata kama ni kwenye karatasi."

Kwamba mzee amekubali, Selestina alikwisha kulisema, na Boke alikwisha kulisikia. Haikuondoa kitu. Alisema, "Nisamehe, mama," na neno lilikuwa dogo mno kwa kazi iliyopewa. Alikaa hadi Boke alipomwambia nenda. Akaenda.

Alhamisi alirudi bila kuitwa, na bila kamera. Boke alimwona akiingia uani, hakumfukuza wala hakumkaribisha. Akaendelea kukunja nguo za Wangwe ndani ya kikapu: suruali mbili, blanketi, lile shati jeupe.

Stanslaus alifika jua likiwa utosini, tope hadi magotini. Alimsalimu shemeji yake kwa heshima, akakataa kiti, akaenda moja kwa moja kwenye ghala na kuchuchumaa mbele ya kijana.

"Wangwe. Mimi ni baba yako mdogo."

Wangwe alimtazama. Mahindi yaliendelea kudondoka ndani ya ungo.

"Nataka unifundishe lile fundo, shemeji," Stanslaus alisema bila kugeuka. "Nisije nikamuumiza."

Boke aliweka kikapu chini. Alitembea hadi pale, akapiga goti kwa kujikongoja, na Selestina akamshika kiwiko asianguke. Boke hakuuondoa mkono wake. Akafungua fundo mbele ya macho ya mzee, akalifunga tena polepole, akalifungua. "Kitenge kwanza. Ukikague kila asubuhi, kikilowa ubadilishe, nimekuwekea vingine vitatu kwenye kikapu. Sasa pitisha hapa. Rudisha. Usivute."

Stanslaus alijaribu. Vidole vyake vinene vilipotea njia. Akajaribu tena, kamba ikakaza. Mara ya tatu jasho lilikuwa linamtiririka puani, na Boke alikuwa amefumba macho kwa maumivu.

"Siyo hivyo, baba mdogo," alisema Wangwe.

Wote watatu waliganda. Sauti ilikuwa nzito, yenye kutu, ya mtu wa kawaida. Wangwe aliweka ungo pembeni, akainama, akachukua ncha ya kamba kutoka vidoleni mwa mzee. Akaipitisha, akairudisha, akaacha nafasi ya kidole kimoja. Kisha akaulaza mguu wake vizuri na kurudia mahindi yake.

Boke alifunika mdomo kwa kanga. Mabega yake yalitikisika mara moja, yakatulia. Stanslaus alibaki amechuchumaa akiutazama mguu ule. Baada ya muda mrefu akalifungua fundo ambalo kijana alikuwa amelifunga, akaizungusha kamba na kuitia ndani ya kikapu, juu ya blanketi.

"Njiani nitamshika mkono," alisema. "Tukifika tutaona."

Waliondoka hivyo, mzee na kikapu begani, kijana kando yake, mkono wake mrefu ndani ya ule mkono mkavu. Penye kona mashine zilinguruma. Wangwe alisita, akageukia machimbo. Stanslaus naye akasita. Hakumvuta. Walisimama pale barabarani muda ambao kwa Boke, aliyekuwa ameng'ang'ania mwimo wa lango, ulikuwa kama msimu mzima. Kisha wakaendelea, na kichaka kikawameza.

Boke alirudi uani. Alitembea hadi katikati, akasimama. Alitazama ghala, akatazama mlango wa nyumba, akatazama jiko. Alichukua hatua mbili kuelekea upande mmoja, akaghairi.

"Jumatatu nitakupeleka Musoma," alisema Selestina. "Tutapanda gari la asubuhi."

"Na studio yako?"

"Itafungwa."

Boke aliitikia kwa kichwa, lakini mawazo yake hayakuwa hapo. "Mama Oduol," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshuka kituo asichokijua, "nikae wapi?"

Kigoda chake kilikuwa kando ya ghala, kimeelekezwa kwenye nguzo. Miguu ya kigoda ilikuwa imechimba vishimo vyake vinne ardhini. Selestina alikinyanyua, akazunguka nacho ua akitafuta pa kukiweka. Chini ya paa la jiko Boke alitikisa kichwa. Kwenye ukuta unaotazama mto alitikisa kichwa. Mwishowe Selestina akakiweka mlangoni penye kivuli, yeye akaketi chini kwenye udongo, akanyoosha miguu iliyomuuma tangu Itiryo.

Boke alikuja akaketi, taratibu, mkono tumboni. Upande wa machimboni mawe yalikuwa yanasagwa. Aligeuza kichwa kuitazama nguzo, akakirudisha. Akakigeuza tena, na safari hii akakiacha kilivyogeuka.